Kwa Nini Kurudia Daftari Hakutoshi: Kumbukumbu Inavyofanya Kazi Mwanafunzi Anapojiandaa kwa Mtihani

Kuanzia mitihani ya utamilifu hadi mtihani wa taifa wa mwezi Novemba, mwanafunzi wa kidato cha nne wa Arusha au Moshi huishi maisha ya kusoma tu. Shule za bweni za Kibosho, Machame na Marangu huongeza muda wa prepo, shule za kutwa za mjini hufungua madarasa hata siku za Jumamosi, na wazazi wa Ngarenaro, Sakina, Pasua na Majengo hutafuta fedha za tuisheni kutoka katika mapato yasiyokuwa na ziada. Uvivu si tatizo la watoto hawa. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya saa hizo hutumika katika kazi moja, ambayo ni kufungua daftari na kulisoma tena tangu ukurasa wa kwanza, kisha kulirudia, huku kalamu ya rangi ikipigia mistari sentensi zinazoonekana muhimu. Watafiti wa kumbukumbu wameichunguza kazi hii kwa miongo mingi, na matokeo yao yangepaswa kujulikana kwa kila mwalimu wa taaluma na kila mzazi anayelipa ada.

Kiini cha jambo ni kwamba kutambua na kukumbuka ni shughuli mbili tofauti za akili. Anayesoma notisi zake kwa mara ya nne anatambua: kila sentensi anayokutana nayo inaonekana ya kawaida, macho yanapita bila kukwama, na wepesi huo humfanya aamini kwamba ameielewa mada. Mtihani, kwa upande wake, hauulizi kama mtahiniwa anaitambua sentensi iliyomo katika daftari lake. Unampa karatasi tupu na kumtaka atoe kichwani kile alichokihifadhi, bila msaada wowote.

Tuchukue mada ambayo hakuna mwanafunzi wa Arusha asiyeisikia. Notisi za Azimio la Arusha zinasomeka kwa urahisi: lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, TANU ikatangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, mabenki yakataifishwa, viongozi wakawekewa miiko. Anayezisoma jioni anazijua zote. Mwambie alifunge daftari na aeleze kwa maandishi kwa nini Azimio lilikataa kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo, ni vitu gani vinne lilivitaja kuwa vinahitajika ili taifa liendelee, na miiko ya viongozi ilikusudiwa kuzuia nini, na mara nyingi atasimama baada ya mstari wa tatu. Watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora vilikuwa mbele ya macho yake saa moja iliyopita, lakini hakuwahi kujizoeza kuvitoa kichwani.

Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, nchini Marekani, walichapisha jaribio lililoipima tofauti hii. Wanafunzi walipewa kifungu cha habari. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne mfululizo, na kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja, kisha katika vipindi vitatu vilivyofuata likaandika kila lilichokumbuka bila kukiona tena. Dakika tano baadaye, waliosoma mara nne walikuwa mbele, wakikumbuka asilimia 83 ya mambo yaliyomo, ilhali wenzao walikumbuka asilimia 71. Baada ya wiki moja hali iligeuka kabisa: waliosoma na kurudia walibakiwa na asilimia 40, na waliojipima walibakiwa na asilimia 61. Walipoulizwa mapema wanadhani watakumbuka kiasi gani baada ya wiki, ni waliosoma mara nne waliokuwa na imani zaidi. Hapa ndipo palipo na hatari, kwa sababu njia dhaifu ndiyo inayompa mwanafunzi hisia ya kuwa tayari, na njia imara humwacha akiona mapungufu yake waziwazi, hivyo aliyejiandaa vizuri zaidi anaweza kwenda kulala akiwa na wasiwasi kuliko mwenzake.

Miaka miwili baadaye watafiti haohao walifanya jaribio jingine ambalo msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kulifurahia. Wanafunzi wa Marekani wasiojua lugha yetu walitakiwa kukariri maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kiingereza, neno mashua likiwa mojawapo. Kila mmoja aliendelea hadi alipoweza kulitaja kila neno kwa usahihi angalau mara moja. Baada ya hapo baadhi yao waliendelea kujipima kwa maneno waliyokwisha kuyaweza, na wengine waliacha kujipima kwa maneno hayo ingawa baadhi yao waliendelea kuyasoma. Baada ya wiki moja, walioendelea kujipima walikumbuka takriban asilimia 80 ya maneno, na walioacha kujipima walikumbuka takriban theluthi moja tu, hata wale waliokuwa wakiendelea kuyasoma kila raundi. Kulipata jibu mara moja na kulivuka kwa kusema "hili nimeshalijua" ndiyo desturi ya wanafunzi wengi, na ndiyo iliyowaangusha walioacha kujipima.

Kujipima hakuhitaji vifaa. Mwanafunzi asome mada mara moja kwa makini, afunge daftari, achukue karatasi chakavu na aandike yote anayoyakumbuka kuhusu mada hiyo, kwa sentensi au kwa michoro, bila kuchungulia. Anapokwama asikimbilie kufungua kurasa, kwa sababu zile dakika mbili za kuhangaika kutafuta jibu kichwani ndizo zinazoimarisha kumbukumbu. Kisha afungue daftari na ajisahihishe kwa wino wa rangi nyingine, akiongeza alichosahau na kufuta alichokosea. Hatua ya kusahihisha isirukwe, maana anayejipima bila kujisahihisha anaweza kuyaimarisha makosa yake mwenyewe. Karatasi ile yenye rangi mbili inamwonyesha mahali pa kuanzia kesho, jambo ambalo mistari ya kalamu ya rangi haiwezi kumwonyesha. Katika mapitio makubwa ya mbinu kumi za kujisomea yaliyochapishwa mwaka 2013 na John Dunlosky na wenzake, kupigia mistari na kurudia kusoma ziliwekwa miongoni mwa mbinu zenye manufaa madogo, na kujipima pamoja na kusambaza vipindi vya kusoma ndizo mbili pekee zilizopewa daraja la juu.

Diskasheni, ambazo wanafunzi wetu wanazipenda kwa haki, zinaweza kuwa kujipima kwa kiwango cha juu au zikawa mhadhara. Kundi la watu watano ambamo mmoja mwenye uwezo anaongea saa nzima huku wanne wakiitikia kwa vichwa humsaidia yule anayeongea, kwa kuwa yeye peke yake ndiye anayetoa maarifa kichwani. Inafaa kila swali liandikwe ubaoni, wote waandike majibu yao kimya kwa dakika chache, na mazungumzo yaanze baada ya hapo, akianza kujibu yule ambaye huwa anakaa kimya.

Jambo la pili ni mpangilio wa muda, na hapa historia inaanzia mbali zaidi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia yeye mwenyewe, akikariri orodha za silabi zisizokuwa na maana na kupima ni sehemu gani ya kazi ya kujifunza upya aliweza kuiokoa baada ya muda fulani. Baada ya takriban dakika 20 aliokoa asilimia 58, baada ya siku moja karibu theluthi moja, na baada ya siku 31 karibu moja ya tano. Mambo yenye maana husahaulika polepole zaidi ya silabi tupu, lakini umbo la upotevu linafanana: sehemu kubwa hupotea mapema, kisha kasi hupungua. Ebbinghaus aligundua pia kwamba marudio yaliyosambazwa katika siku kadhaa yanahitajika machache kuliko yaliyorundikwa katika kikao kimoja, na tafiti nyingi zilizofuata zimethibitisha hilo kwa watoto na watu wazima, katika masomo ya aina nyingi.

Kwa hiyo mwanafunzi mwenye saa nne za kuishughulikia mada ya Baiolojia asizitumie zote Jumamosi moja. Aisome Jumatatu na kujipima siku hiyohiyo, ajipime tena Alhamisi, arudi kwayo wiki inayofuata, kisha baada ya wiki tatu. Kadiri mtihani ulivyo mbali, ndivyo nafasi kati ya marudio zinavyoweza kuwa ndefu. Akirudi atakuta amesahau kiasi, na asivunjike moyo, kwa sababu kumbukumbu inayorejeshwa baada ya kuanza kufifia hudumu zaidi kuliko ile inayorudiwa ikiwa bado mbichi.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu linampa matumaini mwanafunzi asiyekuwa na saa ndefu. Msichana wa kutwa anayetoka shuleni saa kumi jioni, akateka maji, akampikia mdogo wake, na Jumamosi akamsaidia mama kuuza mboga katika soko la Kilombero au Mbuyuni, hawezi kushindana na wa bweni kwa idadi ya saa. Anaweza kupata dakika 20 mara tatu kwa siku, na dakika 20 za kujipima kwa mada ya wiki iliyopita, hata kichwani tu akiwa anangoja daladala, zina thamani kubwa kuliko saa mbili za usiku za kusoma huku usingizi ukimzidi. Shule na wazazi wanaopima bidii kwa urefu wa muda ambao mtoto amekaa mbele ya daftari wanapima kitu kisichokuwa kipimo.

Katika Hisabati, Fizikia na Kemia kuna kosa jingine linalojificha ndani ya bidii. Mwanafunzi huchagua mada moja, tuseme ujazo wa maumbo, akafanya maswali 20 ya aina moja hadi mkono uzoee, kisha akahamia trigonometria na kufanya vivyo hivyo. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwafundisha wanafunzi kukokotoa ujazo wa maumbo manne. Waliofanya maswali yaliyopangwa kwa aina walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganyiwa aina zote walipata asilimia 60. Wiki moja baadaye, katika mtihani, wa kwanza walipata asilimia 20 na wa pili asilimia 63. Sababu yake inaeleweka. Anayefanya maswali ya aina moja mfululizo anajua kanuni ya kutumia kabla hajasoma swali, hivyo hajifunzi kamwe kuchagua kanuni, na chumba cha mtihani hakina kichwa cha habari kinachomwambia swali la saba linatoka katika mada gani. Mazoezi ya awali ya mada mpya yanaweza kuwa ya aina moja, lakini baada ya siku chache maswali yachanganywe, ya kidato cha kwanza yakutane na ya kidato cha nne.

Kukariri kunalaumiwa mno katika mazungumzo yetu ya elimu, wakati tarehe, kanuni na istilahi hazina njia nyingine ya kuingia kichwani. Kasoro iko katika kukariri mambo yasiyoshikana na chochote. Mwanafunzi anayejiuliza "kwa nini" kila anapokutana na maelezo huyafunga maelezo hayo na mambo anayoyajua tayari, na mazingira yetu ni tajiri kwa maswali ya namna hiyo. Mada ya mvua za milimani husemwa kwa sentensi moja darasani, lakini yeyote aliyesafiri kutoka Arusha kuelekea Namanga ameona mashamba ya kijani ya upande wa Ngaramtoni yakigeuka kuwa nyika kavu yanapokaribia maeneo ya Oldonyo Sambu. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unapopandishwa na miteremko ya kusini na mashariki ya mlima Meru hupoa na kuangusha mvua, na unapofika upande wa pili umekwisha kupungukiwa na maji. Kilimanjaro nayo ina hali hiyohiyo, ndiyo maana migomba na kahawa vimetawala Machame na Kibosho, na upande wa kaskazini ukawa mkavu zaidi. Aliyejieleza hivi hahitaji kukariri sifa za upande wa mvua na upande wa kivuli cha mvua kama orodha mbili. Na akiulizwa kuhusu mlima wa bara jingine, anaweza kufikiri mwenyewe akapata jibu.

Hapa lazima lugha itajwe, kwa kuwa ushauri wa kujisomea unaotoka nchi nyingine haujui mzigo huu. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili miaka saba, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yakageuka kuwa ya Kiingereza, na mtihani wake wa taifa ni wa Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili na mengine machache. Wengi hujibu hali hii kwa kukariri aya nzima za Kiingereza bila kuzielewa, na swali likibadilishwa maneno mawili tu, aya hiyo haina msaada. Njia ya busara zaidi ina hatua mbili. Kwanza mwanafunzi aielewe mada kwa lugha anayofikiria kwayo, aijadili kwa Kiswahili hadi aweze kumweleza mdogo wake. Kisha ajipime kwa maandishi ya Kiingereza, kwa sentensi fupi zake mwenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo lugha atakayotakiwa kuitumia siku ya mtihani na uwezo wa kueleza kwa Kiswahili hauhamii wenyewe kwenye karatasi. Ajifunze pia kwa makini yale maneno ya amri ya Kiingereza yanayoanzisha maswali, yale ya kumtaka ataje, aeleze, atofautishe au atathmini. Anayetaja mambo sita mahali alipotakiwa kueleza matatu hupoteza alama kwa mambo anayoyajua.

Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zikionyesha ni maswali gani yalijibiwa vizuri, yapi vibaya, na mifano halisi ya majibu mazuri na dhaifu. Taarifa hizi zinapatikana bila malipo katika tovuti yake, nazo zinarudia malalamiko yaleyale mwaka hadi mwaka: kutoelewa matakwa ya swali, maarifa yasiyotosha na udhaifu wa lugha. Inasikitisha kwamba mwanafunzi anaweza kumaliza miaka minne bila kuiona hata moja, ilhali anaijua kila karatasi ya maswali "yanayotarajiwa" inayouzwa mitaani. Kubahatisha maswali humfanya mtoto aache nusu ya muhtasari wa somo. Mitihani iliyopita ina kazi yake halali, nayo ni kuwa chombo cha kujipima: mwanafunzi aufanye mtihani mzima bila majibu kando, kwa muda uleule wa mtihani, kisha akae na mwalimu au mwenzake kuusahihisha. Kuyasoma majibu yaliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine kunamrudisha palepale kwenye kutambua.

Katika kugawa muda kati ya masomo, mwanafunzi huvutwa na somo analolipenda, kwa kuwa ndilo linalompa raha. Viwango vya kidato cha nne vinamtaka afikiri tofauti. Alama 30 huanzisha D, alama 45 huanzisha C, alama 65 huanzisha B na alama 75 huanzisha A, na daraja lake la jumla huhesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Anayepata 80 katika Historia hafaidiki kwa daraja akifika 88, lakini akitoka 41 hadi 46 katika Kemia amepanda kutoka D hadi C katika somo hilo.

Kuhusu kukesha, maelezo hayahitaji kuwa marefu. Usingizi ni muda ambao ubongo unaimarisha yaliyosomwa mchana, na asiyelala hupoteza sehemu ya yale aliyoyasoma na hupungukiwa na uwezo wa kufikiri asubuhi inayofuata. Bweni linalowaruhusu watahiniwa kusoma hadi saa nane za usiku katika wiki ya mtihani linawadhuru kwa nia njema.

Kinachobaki ni muda ndani ya chumba, ambao nao hufanyiwa mazoezi. Mtihani wa saa tatu wenye alama 100 unatoa dakika 1.8 kwa kila alama, kwa hiyo insha ya alama 15 inastahili dakika 27, na akitaka kubakiwa na dakika za kupitia kazi yake, aimalize kwa dakika 25. Mwanafunzi azoee vipimo hivi nyumbani akiwa na saa mezani, dakika tatu za kwanza za kila insha zikitumika kupanga hoja kwa maneno machache pembeni. Azoee pia kuliacha swali ambalo muda wake umekwisha, aache mistari kadhaa wazi na kwenda linalofuata, kwa kuwa insha ya kwanza isiyokuwa na hitimisho humgharimu alama chache, ilhali insha ya pili ambayo haikuanzwa humgharimu zote 15.